Dean Dixon: Mcheza Kwao Asiyetunzwa

Ndugu Mhariri alipotuomba sisi tuliopita katika shule hii tuandike makala za historia, nilijua kwamba wenzangu wengi watachagua vita, vyama na wakuu wa nchi. Hayo yana haki yake. Mimi nimeona niandike juu ya mtu mmoja aliyeshika kazi ambayo kwetu haina hata jina lililozoeleka. Jina la Kiingereza la kazi hiyo tumekwisha kuwapa vijana wanaodai nauli katika mabasi, na nikiandika "kondakta" najua mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atamwona mtu anayening'inia mlangoni mwa basi, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Huyu wangu naye alishughulika na noti, ila za muziki. Basi nitamwita mwongozaji wa okestra. Jina lake ni Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1915 na kufa Uswisi mwaka 1976.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana bila hivyo habari hii haitakuwa na uzito. Okestra kubwa ina wapigaji 70 hadi 100: wenye fidla za kila ukubwa, wenye filimbi, tarumbeta na ngoma. Kila mmoja ana karatasi yake mbele yake, nayo inaonyesha sehemu yake tu. Mwongozaji peke yake ndiye mwenye kitabu kilichoandikwa sehemu zote, na ni yeye anayeamua mwendo, nani apige kwa nguvu na nani ashushe sauti. Yeye mwenyewe hapigi chochote. Watu humwona jukwaani akipunga kifimbo wakadhani kazi ni hiyo, kumbe sehemu kubwa ya kazi imekwisha fanyika katika mazoezi, mlango ukiwa umefungwa. Kila aliyepata kutembea nyuma ya bendi ya shule siku ya gwaride anajua mambo yanavyokuwa pale ngoma kubwa na tarumbeta zinapokosa kusikilizana, na hao ni watu kumi na wawili tu.

Tena kuna kazi ya pili iliyo nyuma ya hiyo, nayo haionekani kabisa. Lazima ukumbi ukodiwe. Lazima nakala za muziki zipatikane, wapigaji walipwe kwa siku za mazoezi na kwa usiku wa onyesho, matangazo yachapwe, tiketi ziuzwe. Hii ni kazi ya mtayarishaji wa maonyesho, na kwa kawaida hushikwa na mtu mwingine mwenye ofisi na makarani wake. Dean Dixon kwa miaka karibu ishirini ilimbidi azishike zote mbili. Hakuwa na tamaa ya vyeo. Alijitengenezea maonyesho kwa sababu hapakuwa na mwenye kumpa okestra.

Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, na nyumba yao ilikuwa Harlem, mtaa wa watu weusi katika jiji la New York. Mama yake alikuwa mtu wa shabaha. Alimtia fidla mikononi kabla hajafika umri wa kwenda shule, na akawa akimpeleka Carnegie Hall, ukumbi mkuu wa muziki wa jiji lile, akasikilize muziki wa wakubwa angali mtoto mdogo. Shuleni De Witt Clinton, alikosoma sekondari, alikutana na mkuu wa muziki aliyekitambua kipaji chake, akamsaidia kuingia katika chuo cha muziki kinachojulikana leo kama Juilliard. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1936, na mwaka 1939 akapata shahada ya pili, ya ualimu wa muziki, katika Chuo Kikuu cha Columbia. Naitaja elimu hii kwa makusudi, kwa kuwa baadaye walimnyima kazi kwa visingizio vingi, lakini hapana aliyeweza kusema kwamba hakusoma.

Alikuwa hata hajafika miaka 20, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipoanzisha okestra yake mwenyewe katika jengo la YMCA la Harlem. Neno okestra hapo ni la heshima tu, kwa maana mwanzoni walikuwa watu wachache mno. Lakini aliwapokea wote waliokuja: weusi kwa weupe, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha desturi. Okestra kubwa za Marekani wakati huo zilikuwa za watu weupe, na karibu zote za wanaume. Nitoe mfano mmoja upimike. New York Philharmonic, okestra kongwe ya jiji alilozaliwa Dixon, ilimwajiri mpigaji mweusi wa kwanza wa kudumu, mpiga fidla Sanford Allen, mwaka 1962. Kijana wa Harlem alikuwa amekwisha kufanya jambo hilo katika chumba cha kuazima miaka thelathini kabla ya hapo, bila fedha.

Mwaka 1938 alipata kuongoza okestra ndogo katika Town Hall, ukumbi wa heshima katikati ya jiji, na wakosoaji wa magazeti wakaanza kuliandika jina lake. Kisha ukaja mwaka 1941.

Ili mwaka huo ueleweke lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1939 mwimbaji mashuhuri mweusi, Marian Anderson, alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington kwa sababu ya rangi yake. Wenye ukumbi walikuwa chama cha wanawake wa koo za zamani, na Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuwa mwanachama wao. Alijiuzulu. Anderson akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa kumbukumbu ya Abraham Lincoln, mbele ya umati wa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo Bibi Roosevelt alipohudhuria onyesho la Dean Dixon na okestra yake miaka miwili baadaye, watu wote walijua hakuja kupitisha jioni. Na pale alipokwenda mke wa Rais, wakubwa wengine nao walikwenda. Mkuu wa muziki wa kampuni ya redio ya NBC alimsikia Dixon, akamwalika aongoze okestra ya redio hiyo. Okestra ya NBC ilikuwa imeundwa mwaka 1937 kwa ajili ya Arturo Toscanini, Mtaliani aliyehesabiwa wakati ule kuwa mwongozaji mkubwa kuliko wote. Kiangazi hicho hicho, mwezi Agosti, Dixon aliongoza New York Philharmonic katika uwanja wa wazi wa Lewisohn. Alikuwa na miaka 26, na hapana mtu mweusi aliyewahi kusimama mbele ya okestra hiyo kabla yake.

Msomaji atadhani mlango ulikuwa umefunguka. Mimi nami, niliposoma habari zake mara ya kwanza nikiwa Chuo Kikuu, nilifungua ukurasa unaofuata nikitarajia kusoma jina la mji aliopewa. Haupo. Alialikwa Philadelphia, akaalikwa Boston, magazeti yakamsifu, kisha kimya. Sisi tulio katika utumishi wa serikali tunaijua tofauti kati ya kibarua na ajira ya kudumu. Kibarua hata kikiwa cha kifahari kinakwisha jioni. Dixon alipata vibarua vya kifahari kupita vyote Marekani, na kesho yake asubuhi hakuwa na pa kwenda.

Inasimuliwa kwamba msimamizi mmoja wa wanamuziki alimshauri ajipake rangi nyeupe usoni na kuvaa glavu nyeupe apandapo jukwaani. Mtu mwenye shahada mbili! Wengine walikuwa waungwana zaidi, wakamwambia tu kwamba wakati wake haujafika.

Hakukaa kulia. Mwaka 1944 alianzisha okestra nyingine, American Youth Orchestra, yaani okestra ya vijana wa Marekani, ili wanafunzi waliomaliza vyuo vya muziki wapate mahali pa kujifunza kazi kabla ya kwenda kuomba nafasi katika okestra kubwa. Hii nayo ilikuwa ya watu wa rangi zote. Alitayarisha pia maonyesho ya watoto wadogo, ambao waliketi wakaelezwa kila chombo kinatoa sauti gani na kwa nini. Alipigania sana kwamba muziki huu usiwe mali ya wenye makoti ya manyoya peke yao, na kwamba mfanyakazi akivutwa kwa bei anayoiweza na kwa maelezo ya kueleweka atakuja, na akija mara moja atarudi. Katika maonyesho yake aliingiza kazi za Wamarekani wa wakati wake, wakiwamo watunzi weusi kama William Grant Still, badala ya kurudia tu wale Wajerumani watatu wanne ambao kila mtu anawajua. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa tuzo ya Alice M. Ditson, inayotolewa kwa mwongozaji anayeusukuma mbele muziki wa Marekani. Kwa hiyo alikuwa na tuzo ya kuupigania muziki wa nchi yake, na katika nchi hiyo hapakuwa na okestra hata moja iliyomlipa mshahara.

Okestra ya vijana haikudumu. Fedha zilikwisha. Mtu anayejitayarishia maonyesho yake mwenyewe hupoteza nusu ya nguvu zake akitafuta kodi ya ukumbi, na nusu iliyobaki ndiyo anayokwenda nayo kwenye mazoezi. Hapo ndipo naona hatari ya kumsifu Dixon kupita kiasi kwa kujitegemea kwake, kama wanavyofanya wengine. Kujitegemea kulimweka hai kama mwanamuziki, hilo ni kweli. Lakini mwongozaji hukomaa kwa kukaa na watu wale wale mwaka hadi mwaka, akiwafundisha na wao wakimfundisha, na hilo linahitaji bajeti ya kila mwaka. Halipatikani kwa michango.

Wengi hueleza habari hii kwa neno moja, ubaguzi, kisha wakaendelea mbele. Neno ni la kweli, ila mimi kama mtumishi wa ofisi hupenda kuuliza ubaguzi huo ulipita katika mlango gani. Jibu langu ni kwamba ulipita katika daftari la fedha. Okestra za Marekani hazikuwa za serikali. Ukiacha miaka michache ya mradi wa muziki wa serikali ya Roosevelt ulioanza mwaka 1935 wakati wa dhiki kuu, Washington haikuwa na fungu la kudumu la sanaa mpaka mwaka 1965. Kila okestra iliendeshwa na bodi ya matajiri wa mji ule, na iliishi kwa michango yao na kwa tiketi za msimu mzima walizonunua jamaa zao. Mwongozaji alitakiwa aongoze muziki, kisha akale chakula cha jioni nyumbani kwa wafadhili na kuwachekea wake zao. Meneja hakuhitaji kuwa mtu mwovu ili amnyime Dixon kazi. Ilitosha awe mwoga, afikiri kwamba mfadhili mmoja atakasirika na kuondoa mchango wake. Woga wa mameneja ishirini katika miji ishirini ukafanya kazi ile ile ambayo ingefanywa na sheria.

Mwaka 1949 Dixon alialikwa Paris kuongoza okestra ya redio ya taifa ya Ufaransa. Akaenda, na hakurudi kufanya kazi kwao kwa miaka 21.

Miaka ya kwanza ugenini ilikuwa ya kuzunguka. Aliongoza Israeli, akaongoza katika nchi za Skandinavia, akapiga santuri Vienna. Halafu mwaka 1953 mji wa Gothenburg, bandari kubwa ya Sweden, ulimpa okestra yake, na hatimaye mtu huyu mwenye miaka 38 akapata ajira ya kudumu. Gothenburg haukuwa mji wa vivi hivi katika muziki. Okestra yake ilianzishwa mwaka 1905, na Sibelius, mtunzi mkuu wa Finland, alipata kufika kuiongoza mwenyewe. Alikaa hapo mpaka mwaka 1960. Wasomaji vijana waufikirie mwaka ule wa 1953: hapa Tanganyika hapakuwa na Bwana DC hata mmoja Mwafrika, maana serikali ya wakati huo haikuamini kwamba mtu mweusi anaweza kukabidhiwa wilaya. Upande wa pili wa dunia Waswidi walikuwa wamemkabidhi mtu mweusi kitu wanachokionea fahari, na jioni za maonyesho wakaja wakaketi, wakasikiliza, wakaenda zao nyumbani, wala mji haukubomoka.

Mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, alichukuliwa na redio ya jimbo la Hesse mjini Frankfurt, Ujerumani Magharibi, akaiongoza okestra yake kwa miaka 13. Nchi hiyo ilikuwa na miaka 16 tu tangu ianguke serikali iliyohubiri kwamba mtu mweusi si mtu kamili na kuua mamilioni ya Wayahudi. Sisemi Wajerumani wote walikuwa wametubu. Hapana taifa linalotubu lote kwa pamoja. Lakini jaribio lilikwisha kufanyika mapema: mwezi Septemba 1945, Berlin ikiwa bado magofu, Rudolph Dunbar, mtu mweusi mzaliwa wa Guyana ya Waingereza, aliongoza Berlin Philharmonic. Ile ilikuwa jioni ya ishara. Dixon hakupewa ishara, alipewa mkataba.

Katikati ya miaka hiyo ya Frankfurt, kuanzia mwaka 1964 hadi 1967, alishika pia okestra ya Sydney. Hapo napenda msomaji aangalie jambo moja. Australia ya wakati huo ilikuwa bado ina siasa ya kuwazuia wahamiaji wasio weupe, na wenyeji wake wa asili walikuwa wakidhulumiwa vibaya. Hata hivyo okestra ya Sydney ilikuwa mali ya shirika la utangazaji la taifa. Frankfurt ilikuwa ya redio ya umma, iliyolipiwa wakati huo na ada ya kila mwenye redio. Anayelipa akiwa umma mzima, hapana tajiri mmoja anayeweza kutishia kuondoa mchango wake kwa sababu hakuipenda sura ya mtu. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Nadai kwamba ni sababu ambayo wasimulizi huiruka, kwa kuwa hesabu za fedha hazina utamu wa kusimulia.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Dixon alicheza kwao kwa miaka 18 asitunzwe, akaenda kutunzwa kwa watu. Mwenyewe alipenda kueleza maisha yake kwa hatua tatu. Mwanzoni, alisema, walimwita mwongozaji Mmarekani mweusi. Baadaye, alipozoeleka Ulaya, likaanguka neno moja, akawa mwongozaji Mmarekani. Mwisho yakaanguka yote, akawa mwongozaji basi. Alilisema jambo hilo kama mzaha, lakini hesabu yake ni chungu, kwa kuwa ili maneno hayo yaanguke ilimpasa avuke bahari.

Mwaka 1970 ndipo kwao walipomkumbuka. Marekani ilikuwa imebadilika: sheria za haki za raia zilikuwa zimepitishwa, Martin Luther King alikuwa amekwisha kuuawa, na mwaka 1968 Henry Lewis alikuwa amepewa okestra ya New Jersey, mtu mweusi wa kwanza kuwa mkurugenzi wa okestra kubwa ya nchi hiyo. New York Philharmonic ilimwita Dixon kwa maonyesho ya kiangazi, yale ya bure katika bustani ya Central Park, mwendo mfupi tu kutoka Harlem. Watu walijaa majani yote. Yule kijana wa miaka 26 alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 55. Alialikwa pia Pittsburgh na St. Louis. Walimpokea kwa heshima zote na wakamsifu sana.

Hawakumpa okestra. Alirudi Frankfurt kwenye kazi yake, akakaa nayo mpaka mwaka 1974, na Novemba 1976 akafa katika mji wa Zug, Uswisi, akiwa na miaka 61.

Njia aliyopita ilipitwa na wengine. Everett Lee, aliyezaliwa mwaka mmoja baada yake, naye alianzisha okestra ya watu wa rangi zote New York katika miaka ya 1940, naye akaambiwa hakuna kazi, naye akaenda Sweden, akaiongoza okestra ya mji wa Norrköping kwa miaka kumi tangu 1962. Yeye alijaliwa umri: alikufa Sweden mwaka 2022 akiwa na miaka 105.

Kwa wanafunzi wenye hamu, muziki wa Dixon haukupotea. Santuri alizopiga Vienna mwanzoni mwa miaka ya 1950 sasa husikika hata kwa simu ya mkononi. Mimi ningeshauri mtu aanze na Simfoni Fupi ya Howard Swanson. Ni fupi kweli, inakwisha kabla ya chai kupoa, na mtunzi wake alikuwa Mmarekani mweusi mwingine ambaye miaka ile naye alikuwa amehamia Paris.